Njahi za Zamu ya Kuzaa

Mweiga,
Jumapili jioni.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, ambako hata maji ya kuoga ni kama yamekataa kuchemka. Sisi sote tu wazima: mimi, Dada Nekesa na Shemeji. Goti lako linaendeleaje? Unaipaka ile dawa, au bado umeiweka kabatini ukingoja maumivu yazidi? Na ng'ombe je, amezaa? Mdogo wangu Simiyu aliniambia kwa simu kwamba amezaa, kisha akasema bado, kisha akacheka, kwa hiyo sijui nimwamini lini. Naomba Mungu barua hii iwakute mkiwa na afya na maziwa ya kutosha.

Masomo ya Kidato cha Tatu ni magumu, hasa Kemia, lakini sijakata tamaa. Mwalimu wetu wa Historia amesema insha zangu zinasomeka. Nimefurahi, ingawa aliongeza kwamba naandika mambo mengi kuliko swali lilivyouliza.

Mama, nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Dada, na chumba chetu cha kupanga hapa ploti kimetenganishwa na cha jirani kwa ukuta wa mbao tu. Tena jambo lenyewe ni refu. Najua Dada alikwambia mwezi uliopita kwamba anaacha kazi kwa kuwa daktari amemkataza kusimama, na kwamba anakuja nyumbani kuzaa. Simiyu anasema umeanza kukandika ile nyumba ndogo. Mama, daktari hakusema hivyo. Dada amenipa ruhusa nikueleze ukweli wote, maana anasema akianza kuueleza mwenyewe atalia. Mimi nilishtuka, na kila nikikumbuka nashtuka upya.

Unajua Dada anafanya kazi katika kiwanda cha kupakia mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani yanayopelekwa ng'ambo kwa ndege. Wanawake husimama kwenye meza ndefu wakichambua, yaliyonyooka upande huu, yaliyopinda upande ule. Wa meza ya Dada wana chama chao. Kila mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakanywa chai na kuchangiana.

Mwezi wa kwanza walikutana kwetu. Mkubwa wao anaitwa Mama Wairimu, mama wa makamo, mrefu, anayeongea polepole, na akikohoa kidogo tu wengine hunyamaza. Walipomaliza mambo ya chama alitoa mfuko wa kitambaa akautikisa. Ndani mlikuwa na maharagwe mekundu na punje chache za njahi. Njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni. Watu wa huku humpikia mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Kila mmoja alifumba macho akaingiza mkono.

"Nekesa, wacha kupapasa kama mtu anatafuta simu gizani!" mmoja alimwambia Dada. "Toa moja, wengine wangoje!"

Dada alitoa haragwe jekundu. Wengi walitoa mekundu. Lakini msichana mmoja aitwaye Wanjiru, aliyeolewa si zamani sana, alifungua kiganja akapiga kelele. "Njahi! Haki ya Mungu nimepata njahi!" Wenzake walipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Enda umwambie bwana yako asilale mapema!" walimwambia, na mengine ambayo sitayaandika. Wanjiru alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mimi nilidhani ni bahati nasibu ya sukari au ya mafuta ya kupikia. Nilipomuuliza Dada walishindania nini, alisema, "Ni mchezo wa watu wazima. Osha vikombe."

Kabla ya Pasaka Dada alianza kutapika asubuhi. Nyumbani ilikuwa furaha tupu. Unajua wamengoja mtoto tangu arusi. Shemeji, ambaye akivaa sare ya polisi hatabasamu hata kwa pikipiki iliyoanguka, alikuwa anaimba akipiga viatu rangi. Lakini kazini Dada alianza kuvaa koti kubwa jeupe lililomzidi, na ndani yake sweta la Shemeji, hata siku za jua. Nilifikiri anamficha meneja mimba. Nikamwambia, "Dada, usiogope, tumefundishwa darasani. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba." Alinijibu, "Najua, Nafula," akageukia jiko. Sikujua kwamba hakuwa anamwogopa meneja hata kidogo.

Likizo ya mwezi wa nane ndipo nilipojua. Dada alisahau chakula chake, nami nikampelekea. Askari wa lango ananifahamu, akaniruhusu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye makreti nyuma ya jengo, wakiota jua la saa saba. Niliwasikia kabla sijapinda kona.

"Nekesa, hiyo koti imefura ama ni wewe umenona?"

"Ati amenona! Kwani sisi ni watoto?"

"Hiyo ni tumbo ya kuiba!"

Mama, nilisimama pale pale. Tumbo la kuiba! Nilijiuliza kama wanamsema Dada kwamba mtoto si wa Shemeji. Kisha nikasikia sauti ya Wanjiru.

"Mimi nimengoja miaka tatu. Tatu! Mama ya bwana yangu ananiuliza kama nilikuja kwake kuhesabu kuku. Nikapata njahi, nikashika mimba kama tulivyosikizana. Sasa niko na yangu, na wale wengine wawili wa njahi wako na yao, halafu wewe unatokea na yako. Wewe ulitoa nyekundu, Nekesa! Niliona na macho yangu!"

"Nisamehe, Wanjiru," Dada alisema. "Sikupanga. Ilikuja tu."

"Kila mtu hapa amepanga," Mama Wairimu akasema, polepole. "Kwani sisi ni mawe? Sisi hatuna bwana? Tukitoka wanne pamoja, meneja ataandika watu wapya. Wanjiru akirudi na mtoto mgongoni apate mtu mwingine amesimama kwake, utamwambia nini?"

Nilisikia kreti moja likisogezwa.

"Andika barua umeacha kazi," Mama Wairimu aliendelea. "Sema ni mambo ya afya. Hatutaki maneno na wewe. Lakini haki iko hivyo."

Nilichungulia. Dada yangu, Mama, Nekesa wako ambaye aliwahi kumfukuza mbwa wa mwalimu mkuu kwa kiatu, aliinamisha kichwa akasema, "Sawa."

Nilimpa chakula chake nikaenda zangu. Njia nzima nilikuwa nasikia masikio yangu yanawaka. Katika darasa letu, ukiuliza ni nani anayemnyima mwanamke likizo ya kuzaa, kila mtu atasema tajiri. Mimi pia ningesema hivyo na ningepata alama.

Jioni ile Dada alinieleza yote. Njahi ni zamu. Anayetoa njahi ndiye mwenye ruhusa ya kubeba mimba mwaka huo. Wengine hungoja kura ya mwaka unaofuata. Hakuna anayeulizwa kama mwili wake umekubali. Alipomaliza kunieleza akaniletea karatasi na kalamu. "Wewe una mwandiko mzuri na Kiingereza chako kimenyooka. Niandikie niache kazi vizuri, bila ugomvi."

Nilishika kalamu, Mama, nikashindwa. Nilimwambia kwamba sheria inampa miezi mitatu na mshahara wote, na akirudi anarudi kwenye kazi yake. Haisemi popote wanawake wangapi wa meza moja wanaweza kuzaa mwaka mmoja.

"Unafikiri sijui?" alisema. "Kila mwaka wale wa njahi wanaenda likizo na wanalipwa. Shida si hiyo. Mkono wangu wa kushoto husimama Wanjiru, wa kulia Mama Wairimu. Nikirudi, ni wao nitawakuta. Hiyo sheria yako itasimama wapi, kati yetu?"

Shemeji alisikia yote kutoka kitandani, akaruka. "Maharagwe! Maharagwe ndiyo yanaamua mtoto wangu? Kesho naenda huko na sare."

"Ukienda huko na hiyo kofia," Dada alimwambia, "mimi leo nalala njiani nikienda kwa mama."

Akakaa. Ili nitulize mambo nikamuuliza, "Na wewe, Shemeji, umeshaomba likizo yako?"

"Likizo gani?"

"Ya baba. Wiki mbili, na mshahara."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mshukiwa. "Mimi? Nimwambie bosi wangu naenda kuzaa? Ataniuliza kama nitanyonyesha." Dada alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini mimi nilishangaa tena. Mtu anayelinda sheria kutwa kucha hakuwa amefikiri kwamba moja inamlinda yeye.

Barua sikuandika. Dada hakunilazimisha, ila alisema ataiandika mwenyewe Jumatatu. Basi Jumamosi, bila kumwambia, nilienda kwa Mama Wairimu. Nilimkuta anachimba viazi shambani kwake. Nilimsalimia kwa heshima kama ulivyonifunza, nikachukua ndoo nikaanza kuokota nyuma yake. Alichimba mstari mzima kabla ya kusema.

"Umetumwa?"

"Hapana, Mama Wairimu. Nimekuja kuuliza tu. Hiyo ya njahi ni sheria ya kampuni?"

"Ni yetu." Alisimama akashika kiuno. "Wakati hujazaliwa, tulitoka watano pamoja. Meneja wa wakati huo akaweka wengine. Tuliporudi, akatuambia hakuna nafasi. Wairimu alikuwa hajajua hata kukaa. Tulikaa hapo langoni siku nyingi na watoto kwa mgongo, baridi ya hapa unaijua. Baadaye akatuchukua tena mmoja mmoja, kama vibarua. Tukaapa haitatufanyikia tena. Ndiyo tukaanza mfuko. Huo mfuko umetuchunga, msichana. Usiudharau."

Sikuwa nimetazamia jibu zuri. Nilikuwa nimemjia nikidhani ni mtu mbaya. Niliendelea kuokota viazi, kisha nikauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hakuna mtu ameenda kuuliza tena? Meneja si mwingine?"

"Meneja wamebadilika watatu. Lakini nani atakuwa wa kwanza kujaribu? Ungekuwa wewe?"

Kisha akainama tena, na aliyoyasema aliyasema akitazama udongo. "Mimi nina Wairimu peke yake. Nilitaka wengine. Mwaka baada ya mwaka nikatoa nyekundu. Mfuko ni wangu, naushika mimi, ningeweza kutazama. Sikutazama. Sasa hata nikitoa njahi ni ya nini?"

Mama, nilitamani ardhi ininyanyue iniweke mbali. Sijui kama umewahi kumsikia mtu mzima akisema jambo kama hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema viazi vimekuwa vidogo. Nililia, nikajaribu kusingizia vumbi. Yeye hakulia.

Kitu kimoja tu nilikuwa nimebaki nacho, na nilikisema ingawa niliogopa. "Dada hakumficha meneja mimba. Aliwaficha nyinyi. Ni nyinyi aliwaogopa."

Alichomeka jembe udongoni. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Jaza ndoo, uende nayo. Mwambie dada yako asiandike kitu mpaka nimuone."

Jumatatu walienda ofisini watatu: Mama Wairimu, Wanjiru na Dada. Mama Wairimu ndiye aliyetangulia, na mfuko mkononi. Haya nakueleza kama Dada alivyotueleza jioni hiyo, akiwa amekaa na viatu bado miguuni.

Mama Wairimu aliweka mfuko mezani akasema, "Bwana Meneja, msimu huu tunatoka wanne. Tunataka kujua wanne wakirudi watapata nafasi yao, ama tuendelee na hii."

Meneja aliuliza hii ni nini. Akaelezwa. Dada anasema alivua miwani, akaivaa, akauchungulia mfuko kama aliyeambiwa mna nyoka ndani.

"Mnapiga kura ya kuzaa?"

"Ndiyo."

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

Walitazamana. Hakukuwa na mtu wa kumtaja. "Mimi," alisema meneja, "nimekuwa nikiona mnaenda wachache wachache kila mwaka, nikafikiri ni vile tu mmebarikiwa mpangilio."

Wanjiru alicheka bila kupenda, kisha akaanza kulia. Meneja aliwaambia kwamba kila mwenye mimba aandike taarifa mapema, alete karatasi ya hospitali, na atapata miezi yake na mshahara wake na nafasi yake. Wawe wanne, wawe kumi. Alikuna kichwa akisema ndege ya mboga haingoji mtu na hajui atapata wapi mikono ya kuchambua, lakini akaongeza, "Hiyo ni shida yangu, si yenu."

Ungefikiri walitoka wakiimba. Hapana. Mama Wairimu alienda nyuma ya jengo akakaa juu ya kreti. Dada alimfuata akidhani ana kizunguzungu. Mama Wairimu alimwambia, "Swali moja, Nekesa. Lilikuwa swali moja tu." Akavuta kitambaa cha kichwa kikamfunika uso, na Wanjiru akaja kukaa upande wake wa pili, na hakuna aliyerudi mezani mpaka msimamizi alipokuja kuwaita, naye alipowaona akaondoka bila kuwaita.

Mimi nimefikiri sana juu ya jambo hili, Mama. Kwanza nilikuwa na hasira na wale wanawake. Sasa sijui hasira yangu niiweke wapi. Yule meneja wa zamani amekwenda zamani, na hofu yake ikabaki ikifanya kazi bila yeye.

Leo baada ya kanisa chama kimekutana kwetu tena. Wanjiru alikuja wa kwanza, akasimama mlangoni, tumbo mbele. "Nekesa, nilikuita mwizi," alisema. Dada akamjibu, "Ingia, baridi nayo inaingia." Wakapimana matumbo, wakabishana la nani linaonekana la mvulana. Wenzao walipofika na kuambiwa kwamba baba pia ana wiki mbili zake, mmoja aliuliza, "Ati baba? Afanye nini huko nyumbani, atuzidishie nguo za kufua?" Shemeji, aliyekuwa amebeba maji, alisema kwa sauti ya kituoni kwamba ameshaomba. Kumbe ni kweli! Bosi wake alicheka, kisha akamuuliza utaratibu wake, kwa maana mke wa bosi pia anangoja mtoto.

Halafu Mama Wairimu alitoa mfuko. Aliumwaga kwenye ungo, na wanawake wakaanza kutenga nyeusi na nyekundu, haraka sana, kama wanavyochambua kazini. Njahi zilikuwa chache, hazikutosha hata sahani, kwa hiyo mmoja wao alikuwa amebeba nyingine za kuongezea. Zilitiwa sufuriani. Lakini kabla ya hapo nilimwona Mama Wairimu akichukua njahi chache kutoka kwenye ungo na kuzirudisha ndani ya mfuko, akaufunga. Nadhani wengine pia waliona. Ni mimi tu niliyeuliza, kwa sababu ya ile tabia yangu.

"Hizo ni za nini, Mama Wairimu?"

"Meneja amesema kwa mdomo," alinijibu. "Hizi nitazipika siku nitamuona dada yako amesimama hapa kando yangu, ametoka kuzaa, na hakuna mtu amechukua mahali pake. Nitazipika mimi mwenyewe, na wewe utakuja kula."

Basi, Mama, usiendelee kukandika ile nyumba ndogo. Goti lako lipumzike. Dada haachi kazi. Atajifungua hospitali ya hapa, na miezi yake mitatu ikianza atakuja kukuonyesha mtoto. Najua desturi haikuruhusu kuja kukaa kwa mkweo, lakini ukimruhusu Senge, dada yake Baba, aje amsaidie wiki za kwanza, Shemeji atamtumia nauli. Taarifa ya likizo nimemwandikia mimi, na safari hii kalamu haikugoma.

Nisalimie Baba, na umwambie viatu alivyonitumia vinazuia baridi vizuri. Nisalimie Kukhu, bibi yangu mpendwa, na umsomee barua hii polepole, ukiruka zile sehemu za aibu. Yeye atazijua tu. Nisalimie Senge na jirani yetu anayekusaidia kukamua. Simiyu umwambie aache uongo kuhusu ng'ombe. Na mkunga wa kijijini aliyetupokea mimi na Dada duniani, mwambie wanawake wa huku wanauliza kama watoto wa Bungoma huzaliwa wakiuliza maswali.

Sufuria bado inachemka ninapoandika, na nyumba nzima inanukia njahi. Naomba zile za mfukoni nazo zije zipikwe.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka kila alfajiri nikiwasha jiko,

Nafula.